Kusaka hitilafu ya petroli kwenye pikipiki ya zamani, kutoka kifuniko cha tangi hadi kwenye jeti

Pikipiki ya zamani ikianza kukohoa, kuzimika njiani au kugoma kuwaka asubuhi, kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ndiyo hulaumiwa kwanza. Inafunguliwa, inapulizwa, skrubu zake zinazungushwa huku na huku, inarudishwa, na tatizo liko palepale. Mara nyingi kosa halikuwa ndani ya kabureta hata kidogo. Lilikuwa kutu kwenye tangi, tundu la hewa lililoziba kwenye kifuniko, au mpira uliobanwa chini ya tangi. Na sasa kuna tatizo la pili, kwa sababu skrubu iliyokuwa imekaa sawa imeshapoteza mahali pake.

Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda na petroli yenyewe. Kwenye pikipiki nyingi za kabureta hakuna pampu. Petroli hushuka kwa uzito wake, kutoka tangini, kupitia koki, mpira na chujio, hadi kwenye bakuli la kabureta, halafu inavutwa na hewa kuingia kwenye injini. Pima kila kituo kwa zamu yake, na kabureta usiifungue mpaka yaliyo juu yake yamethibitishwa kuwa mazima. Kazi ya dakika chache juu ya tangi huokoa siku nzima ya kuhangaika na jeti, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupima petroli inayopita.

Kabla ya kushika spana

Kinachowaka ni mvuke wa petroli, na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi kali. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na unaweza kulifikia jiko au swichi iliyo mbali na wewe. Fanya kazi nje, au mahali penye hewa inayopita. Acha injini ipoe kabisa. Chomoa waya hasi wa betri, utaurudisha pale tu jaribio linapouhitaji. Weka karibu kizimamoto cha unga au ndoo ya mchanga. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu yake na kuusambaza moto. Petroli unayomwaga iingie kwenye dumu la petroli lenye kifuniko, si beseni lililo wazi. Vaa glovu, na unapopuliza njia za kabureta vaa miwani, kwa kuwa dawa ya kusafishia hurudi kwa nguvu usipotarajia.

Je, kweli ni petroli?

Injini inataka mchanganyiko wa petroli na hewa, cheche inayokuja kwa wakati, na mgandamizo. Kikikosekana kimoja, dalili hufanana sana. Kwa hiyo jaribu hivi kwanza: fungua koki, vuta choki (inayoongeza petroli kwenye mchanganyiko injini ikiwa baridi), piga kiki mara kadhaa, kisha toa plagi uitazame na kuinusa. Plagi iliyokauka kabisa, isiyo na harufu ya petroli, inakuambia petroli haifiki. Iliyolowa inakuambia petroli inafika, hivyo ama inazidi ama cheche haipo.

Plagi ikiwa kavu, tia matone machache ya petroli safi kupitia tundu la plagi, futa kilichomwagika, ondoa chombo cha petroli mbali, rudisha plagi na upige kiki. Injini ikishtuka na kuunguruma kwa sekunde chache kisha ikafa, cheche ipo, mgandamizo upo, na unachokitafuta kiko kwenye njia ya petroli. Isiposhtuka hata kidogo, angalia cheche kabla ya kuendelea. Unapoipima cheche, plagi iguse chuma cha injini mahali palipo mbali na tundu lake, kwa sababu hapo tundu linatoa mvuke.

Kuna magonjwa mawili yanayojifanya ya petroli. La kwanza ni koili (inayotoa umeme wa cheche) inayochoka ikipata joto: pikipiki inakwenda vizuri, inazimika, unapumzika, inawaka tena. Dalili hiyohiyo hutolewa na kifuniko cha tangi kilichoziba, na nitaonyesha jinsi ya kuyatenganisha. La pili ni valvu zilizobana. Pikipiki inayowaka vizuri ikiwa baridi lakini inasumbua kuwaka ikiwa moto, na ambayo sailensa yake, yaani mzunguko wa injini bila kugusa eksileta, haitulii hata ukiirekebisha mara ngapi, ipimwe nafasi ya valvu kabla ya kabureta kuguswa. Kwenye injini ya zamani hilo ni jambo la kwanza, na linasahaulika mno.

Soma dalili kwa mkono wa eksileta

Kabureta ina njia kadhaa za petroli, na kila moja hufanya kazi yake pale eksileta ilipofunguliwa kwa kiasi fulani. Ukijua pikipiki inasumbua wapi, umeshajua sehemu ya kuangalia.

Bandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye mkono wa eksileta na kingine kwenye sehemu isiyozunguka. Chora mstari mmoja kwenye sehemu isiyozunguka, kisha kwenye mkono weka alama za kufungwa kabisa, robo, nusu, robo tatu na wazi kabisa. Sasa endesha kwenye barabara isiyo na magari, shika kila alama kwa muda, na usikilize.

Kuanzia kufungwa hadi karibu sehemu moja ya nane, jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko ndizo zinazotawala. Kutoka hapo hadi robo, umbo la ukingo wa chini wa slaidi, kipande kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa, ndilo lenye sauti kubwa. Kati ya robo na robo tatu, sindano ya slaidi na mrija inamoingia. Kuanzia robo tatu na kuendelea, jeti kubwa. Mipaka hii hupishana, lakini inatosha kukuonyesha njia. Pikipiki isiyokaa kwenye sailensa bila choki, lakini ikishapata mwendo inakimbia vizuri, karibu kila mara jeti yake ndogo imeziba. Ile inayotulia vizuri lakini inakata pumzi ukiifungua yote, tazama jeti kubwa, au petroli isiyoshuka kwa kasi ya kutosha.

Jambo la pili la kujua ni kama petroli imezidi au imepungua. Injini ikiwa na joto na ikiunguruma, vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, mchanganyiko ulikuwa mwepesi, yaani hewa nyingi, petroli kidogo. Ikizidi kuzongwa, ulikuwa mzito. Mchanganyiko mzito huleta moshi mweusi, plagi yenye masizi meusi makavu, na pikipiki inayopendeza ikiwa baridi kuliko ikiwa moto. Mwepesi huleta milipuko kwenye bomba la moshi unapoachia eksileta, injini kuchemka kupita kawaida, na resi, yaani kasi ya injini, zinazoning'inia juu kabla ya kushuka.

Kifuniko na tangi

Petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Kifuniko kina tundu dogo la kupitisha hewa, na likiziba kwa vumbi au kutu, tangi hujivuta ndani polepole mpaka petroli inasita. Pikipiki inakwenda dakika kadhaa, inaanza kukosa nguvu kana kwamba petroli imekwisha, inazimika. Ukiisubiri, hewa hupenya kidogo kidogo, na inawaka tena.

Jaribio lake ni hili: pale inapozimika, fungua kifuniko papo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa kwa mlio, na pikipiki ikawaka muda mfupi baadaye, umeshapata. Ukifungua kimya, na pikipiki ikaendelea kugoma mpaka ipoe, rudi kwenye koili. Kifuniko kioshe kwa petroli, pulizia tundu lake, na uhakikishe kwa mdomo kwamba hewa inapita. Baadhi ya pikipiki hupumulia kupitia mrija mwembamba unaoshuka kutoka tangini. Huo nao usikunjwe wala usizibwe na tope.

Sasa tazama petroli yenyewe. Chukua chupa safi ya kioo inayoonyesha ndani, toa petroli kutoka chini ya koki, iache itulie kwa dakika kumi, kisha iinue kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kama shanga au tabaka lililojitenga na mstari unaoonekana wazi. Kutu hutulia kama unga mwekundu wa kahawia. Petroli iliyochacha hugeuka rangi na kuwa nzito zaidi, na harufu yake huacha ukali wa petroli na kufanana na vanishi. Ilinganishe na petroli mpya, kwani kuna petroli zinazotiwa rangi tangu zitokako. Petroli yenye ethanoli ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na ikishiba, maji na ethanoli hujitenga pamoja na kushuka chini, palepale koki inapochota.

Petroli iliyochacha usijaribu kuifufua kwa kuichanganya na mpya kwenye pikipiki hii. Itoe yote.

Kutu ikiwa nyepesi, suuza kwa petroli safi mara kadhaa huku ukitikisa. Ikiwa imeshika kuta, ondoa tangi na koki, ziba tundu la koki, tia nati na bolti au kipande cha mnyororo, tikisa kila upande, halafu hesabu vyuma ulivyotia na uvitoe vyote. Kisha jaza siki nyeupe au maji yenye asidi ya sitriki, uache siku moja au mbili ukikagua. Ukimwaga, suuza kwa maji yaliyotiwa magadi soda ili kuua asidi, kausha haraka kwa hewa ya moto isiyo na mwali, na mara tu panapokauka zungushia ndani petroli iliyotiwa oili kidogo. Hapo usichelewe: chuma kilichotoka kwenye asidi huanza kushika kutu mpya ukikitazama. Mimi si mpenzi wa rangi za kupaka ndani ya tangi. Zikipakwa kwenye chuma ambacho hakikusafishwa sawasawa, hubanduka vipande vipande na kwenda kuziba koki, na kuzitoa ni kazi nzito kuliko kutoa kutu.

Koki

Koki ya kawaida ina mirija miwili ndani ya tangi, mmoja mrefu na mmoja mfupi. ON (wazi) huchota kupitia mrefu, RES (akiba) kupitia mfupi ulio chini kabisa. Kwa hiyo pikipiki inayokwenda kwenye RES tu wakati tangi limejaa ina mrija wa ON ulioziba. Na ile iliyokwenda vizuri mpaka siku ulipogeuza RES, kisha ikaanza kukohoa, imevuta uchafu wa sakafu ya tangi.

Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Petroli itoke kwa mkondo usiokatika. Iache itiririke kwa muda, usiridhike na sekunde tatu za mwanzo, maana kifuniko kilichoziba au chujio lililojaa kutu huruhusu mkondo mzuri mwanzoni kisha huufinya. Rudia kwenye ON na kwenye RES, ukiwa na kifuniko kimefungwa.

Koki nyingine haina OFF (kufungwa) bali ina PRI (petroli hupita moja kwa moja), na ina mrija mwembamba unaokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Hiyo hufunguka kwa mvuto wa injini inapozunguka. Kwenye ON isitoe petroli injini ikiwa imezima, na kwenye PRI itoe wakati wote. Ikitoa kwenye PRI na kugoma kwenye ON injini ikizunguka, angalia mrija mwembamba kama umepasuka au umechomoka, halafu dayaframu, yaani utando wa mpira ulio ndani ya koki. Chomoa mrija huo upande wa koki: ukikuta petroli ndani yake, dayaframu imetoboka, na injini imekuwa ikinywa petroli kwa mlango wa nyuma. Dalili yake ni moshi mweusi ambao hakuna marekebisho ya kabureta yatakayouondoa.

Mpira na chujio

Mpira wa zamani hukauka nje na kuvimba ndani. Unaweza kuonekana mzima huku tundu lake limebaki jembamba kama uzi. Ukiwa na shaka, badilisha. Uwe mpira uliotengenezwa kwa petroli. Mrija wa plastiki wa maji hugeuka mgumu na kuchomoka wenyewe, jambo lisilotakiwa juu ya injini yenye moto. Mpira ushuke wakati wote, usipande kisha ukashuka, na tangi likirudishwa usibanwe kati ya tangi na fremu. Hilo la kubanwa lichunguze kwa tochi baada ya tangi kukaa mahali pake, si kabla.

Chujio la kuongezwa njiani lifuate mshale wake. Machujio ya karatasi yaliyotengenezwa kwa gari lenye pampu huweza kuipunguza mno petroli inayoshuka kwa uzito wake tu. Chagua la pikipiki.

Bakuli linakuambia mengi

Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa chini ya mrija wake, fungua koki, kisha legeza skrubu hiyo. Kwanza itatoka petroli iliyokuwamo bakulini. Ichunguze kama ulivyoichunguza ya tangi. Bakuli likishakuwa tupu mkondo lazima uendelee, kwa sababu boya, yaani floti, limeshuka na sindano yake imefungua njia. Ukigeuka matone, na koki ulishaithibitisha, kizuizi kiko kwenye mdomo wa kabureta au kwenye sindano ya boya. Baadhi ya kabureta zina kichujio kidogo kilichofichwa pale mpira unapoingia, na wengi huisafisha kabureta mara tatu bila kukiona.

Kinyume chake ni kabureta inayofurika, petroli ikidondoka kutoka mrija wa chini. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikikoma, kulikuwa na chembe ya uchafu kwenye kiti cha sindano. Isipokoma, funga koki, na kabla ya kuwasha injini tena chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda kupita alama, ni nyepesi na inanuka petroli, kabureta imekuwa ikifurikia ndani ya injini. Usiiwashe. Toa plagi, zungusha injini taratibu ili petroli iliyo juu ya pistoni itoke badala ya kugandamizwa na kupinda konrodi (mkono unaoshika pistoni), badilisha oili, na urekebishe chanzo kwanza. Pikipiki yenye koki ya mkono ifungwe OFF kila inapoegeshwa. Sindano ya boya haikuundwa kulinda tangi zima usiku kucha peke yake.

Kuifungua kabureta

Ukifika hapa, njia ya juu ni safi na tatizo bado lipo. Sasa kabureta itoke.

Piga picha za kila mrija na kebo. Skrubu za pikipiki nyingi za Kijapani za zamani zinafanana na za nyota ya kawaida lakini zimechongwa kwa kipimo cha JIS, yaani kiwango cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida huruka na kuzila vichwa. Tafuta bisibisi ya JIS. Sukuma kwa nguvu kuliko unavyozungusha, na iliyoganda itie mafuta ya kulegezea siku moja kabla.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, izungushe kuingia ndani taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse tu. Andika hesabu hiyo. Usiikaze: ncha yake ni nyembamba, na ikikazwa huacha alama kwenye kiti chake ambayo haiondoki. Inapotoka, inakuja na springi, mara nyingi pamoja na washa ndogo na oringi, na oringi hupenda kubaki ndani ya tundu. Itafute kwa tochi.

Bakuli likifunguka, tazama kabla ya kufuta. Unga mwekundu ni kutu ya tangi. Utando wa kahawia unaong'aa ni petroli iliyokauka. Chumvi nyeupe au ya kijani ni maji yaliyokaa muda mrefu. Kinachoonekana hapo ndicho kilichoko kwenye njia usizoziona.

Chomoa pini ya boya, toa boya na sindano yake. Tikisa boya sikioni. Likiwa na petroli ndani, limetoboka na limekwisha kazi. Tazama ncha ya sindano kwenye mwanga: pete iliyokwanguka kuzunguka ncha ndiyo inayovujisha. Kisha toa jeti kubwa, mrija wake na jeti ndogo. Jeti ndogo ndiyo mgonjwa wa kawaida kuliko zote, kwa kuwa tundu lake mara nyingi halifiki nusu milimita. Iinue kuelekea mwanga. Lazima uone nukta ya duara iliyo wazi. Nusu duara maana yake bado kuna kitu. Na mashimo madogo ya ubavuni yaonekane yote.

Loweka sehemu za chuma kwenye dawa ya kabureta, lakini vitu vya mpira, oringi, dayaframu na boya la plastiki visiingie. Jeti usiichokonoe kwa waya wa chuma au ncha ya kuchimbia. Shaba ya jeti ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo, kipimo chake kimepotea. Tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, au uzi wa nailoni, kisha hewa.

Njia zilizo ndani ya mwili wa kabureta zina umuhimu uleule. Pulizia dawa upande mmoja, uone inatokea wapi. Kila mlango una mlango wake wa kutokea. Njia ya jeti ndogo hutokea kwenye vitundu vidogo karibu na bamba au ukingo wa slaidi, upande wa injini. Usipoviona vikirusha dawa vyote, hujamaliza, hata kama kabureta inang'aa nje.

Kabureta yenye dayaframu yake ya kuinua slaidi, itoe dayaframu hiyo kwa upole, inyooshe mbele ya taa na utafute vitobo vya sindano. Kitobo kimoja kinaweza kuizuia slaidi isipande, na pikipiki ikakataa kupita nusu ya mwendo wake. Kagua pia kipistoni cha choki. Kisiporudi chini kabisa, mchanganyiko utakuwa mzito muda wote.

Kimo cha boya

Hatua hii hurukwa sana, na inatawala zote nyingine, kwa sababu kimo cha petroli bakulini ndicho kinachoamua jeti zote zinavuta kwa urahisi gani. Inamisha kabureta mpaka ulimi wa boya uguse tu kichwa cha sindano bila kukandamiza kijipini chenye springi. Pima kutoka uso wa gasketi, gasketi ikiwa imetolewa, hadi kilele cha boya, ulinganishe na kitabu cha pikipiki yako. Kila modeli ina kipimo chake, kwa hiyo usiazime cha jirani. Ulimi wa chuma hupindwa kidogo kidogo. Boya la plastiki lisilo na ulimi wa kupinda hubadilishwa.

Baada ya kurudisha bakuli, njia nzuri ya kuthibitisha ni kuunganisha mrija angavu kwenye mdomo wa kumwagia, kuusimamisha ubavuni mwa kabureta, kufungua koki na kulegeza skrubu. Petroli itapanda mrijani na kusimama kwenye kimo kilekile cha ndani. Ikiendelea kupanda polepole baada ya hapo, sindano bado inavuja.

Hewa ya wizi

Kati ya kabureta na injini kuna mpira au manifoldi. Ukipasuka, hewa isiyopimwa huingia na mchanganyiko huwa mwepesi, hata jeti ziwe safi namna gani. Kunja mpira huo kwa vidole utafute nyufa za ndani. Injini ikiunguruma, nyunyiza maji kidogo kuzunguka maungio. Resi zikibadilika, hapo pana mwanya. Wapo wanaotumia dawa ya kabureta kwa jaribio hili, lakini kuinyunyiza juu ya bomba la moto ni kuita moto. Maji yanatosha.

Chujio la hewa nalo lina upande wake. Likijaa vumbi, mchanganyiko huwa mzito. Likitolewa kabisa, au boksi lake likitobolewa, huwa mwepesi. Usirekebishe kabureta ilhali chujio halipo.

Marekebisho ya mwisho

Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye hesabu uliyoandika. Kama hukuipata, anzia mizunguko 1 na nusu kutoka ilipogusa. Tambua aina yake: ikiwa upande wa chujio la hewa, hupima hewa, na kuifungua hufanya mchanganyiko uwe mwepesi, ikiwa upande wa injini, mara nyingi hupima petroli, na kuifungua huufanya mzito. Wengi hukwama hapa kwa kuzungusha kinyume.

Injini ipate joto kamili, kwa safari ya dakika kumi, si kwa kuungurumisha imesimama. Weka sailensa juu kidogo ya kawaida kwa skrubu ya slaidi. Zungusha skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kwa wakati mmoja, usubiri injini itulie, mpaka upate pale inapozunguka kwa kasi zaidi na kwa ulaini zaidi. Kisha shusha sailensa hadi kiwango cha kitabu. Skrubu isipoleta mabadiliko yoyote kokote uizungushapo, jeti ndogo au njia yake bado imeziba, na hakuna namna ila kufungua tena.

Pikipiki yenye silinda zaidi ya moja ina jaribio jepesi la kujua ni ipi iliyolala: washa ikiwa baridi, na baada ya muda mfupi dondoshea tone la maji kwenye kila bomba karibu na injini. Bomba ambalo maji hayachemki ndilo la silinda isiyofanya kazi. Kabureta zake zisawazishwe kwa geji za mvuto baada ya kila silinda kuwaka sawa, si kabla.

Kagua kebo ya eksileta: iwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6, na resi zisipande unapokata usukani kushoto na kulia. Kisha endesha, rudi, na uitazame plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye masizi ni nzito, nyeupe ya chokaa ni nyepesi. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio na ukiandike. Kabla ya kuiegesha, pitisha kidole kavu chini ya koki, kila kiungo cha mpira na ukingo wa bakuli. Kidole kikitoka na unyevu, kaza au badilisha gasketi siku hiyohiyo.

Kama yote haya yamefanywa na pikipiki bado ni nzito kwenye nusu ya eksileta, pima uchakavu wa sindano ya slaidi na mrija wake. Vyuma hivi viwili husuguana kwa miaka mingi, tundu la mrija likageuka yai, na petroli ikapita kuliko ilivyokusudiwa. Hakuna kusafisha kunakoweza kurudisha chuma kilicholika. Nunua vyote viwili kwa pamoja, kwa namba ya modeli yako, na urudi kwenye kimo cha boya kabla ya kugusa skrubu nyingine yoyote.